Chakula cha Marehemu Goulven Malgorn

Supu ndiyo iliyoniokoa, na mpaka leo sijaisamehe.

Ilikuwa bandarini Marseille, Februari mwaka 1931. Meli yetu ya mizigo, Armande-Louise, ilikuwa ing'oe nanga saa kumi alasiri. Mimi na shemeji yangu Tanguy, kaka yake mke wangu Barba, tulikuwa tumeshuka kutafuta cha kutia tumboni baada ya siku nyingi za maharage ya mpishi wetu, ambayo hata panya wa melini waliyasusa. Tukaangukia kwa mama mmoja aliyepika supu ya samaki nyuma ya soko. Kwake mchuzi ulikuja kwanza, juu ya mkate mkavu uliosuguliwa kitunguu saumu, na samaki wenyewe walifuata baadaye, kwa wakati wao. Ukimharakisha alikutazama kana kwamba umewatukana wazazi wake.

Tanguy hakuacha kuiangalia saa ya ukutani.

"Shemeji, inuka. Nahodha atatuchuna ngozi."

"Samaki hawajaja."

"Samaki! Umezaliwa kisiwani, umekulia kwenye samaki, leo ndio unawaona wa maana?"

"Wewe tangulia. Nakuja."

Akatangulia. Nilikula samaki mpaka nikafyonza miiba, nikapangusa bakuli kwa mkate, nikamshukuru yule mama, na nilipofika gatini meli ilikuwa imeshatoka nje ya bandari. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilisimama pale nikacheka, nikiwaza jinsi Tanguy atakavyonisimanga tukikutana nyumbani.

Siku tisa baadaye gazeti likaandika kwamba Armande-Louise imepasukia kwenye miamba ya kaskazini ya Hispania na hakuna aliyepona. Chini yake walipanga majina ishirini na mawili. La Tanguy lilikuwepo. Langu lilikuwepo pia: Goulven Malgorn, miaka thelathini na mmoja, wa kisiwa cha Ouessant, kule kwa Wabretoni, magharibi kabisa ya Ufaransa. Hawakukosea hata herufi moja.

Nilichukua karatasi nimwandikie Barba. Nikaandika, "Mke wangu, mimi ni mzima," nikakwama hapo hapo. Sentensi ya pili ingekuwa ipi? Kwamba kaka yako amekufa maji wakati mimi nasubiri samaki? Nikajiambia nitamalizia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na kila siku iliyopita iliifanya barua ile iwe ngumu zaidi. Watu wataniambia woga huo. Ndiyo, ulikuwa woga, sina haja ya kuupaka rangi.

Yaliyotokea nyumbani nayajua kama vile nilikuwepo, kwa kuwa nimeyaona katika nyumba nyingi mno. Kwetu mtu akipotelea baharini, baba yake wa ubatizo huenda kwa mjane jioni, hugonga kioo cha dirisha na kusema, "Mwanangu, leo watu watakesha kwako." Hana haja ya kuongeza neno. Mezani hutandikwa kitambaa cheupe, na juu yake huwekwa msalaba mdogo wa nta, haufiki urefu wa kidole. Msalaba huo ndio maiti. Utaliliwa, utakeshewa, asubuhi padri ataufuata, utasomewa misa, na mwishowe utafungiwa ndani ya kijumba cha mawe makaburini pamoja na misalaba ya waliotangulia. Basi, umezikwa. Sijapata kusikia mtu aliyezikwa hivyo akarudi kudai kitanda chake.

Jioni waliyonikeshea niliijua. Nilikuwa bado Marseille, mbele yangu sahani ya dagaa wa kukaanga, na nikiwa katikati ya kutafuna ladha ikakatika. Mdomoni mlikuwa na kitu cha moto na kigumu, basi. Nikaomba chumvi. Nikaomba tena. Mtu wa meza ya jirani akasema, "Kaka, unakula dagaa au unarudisha bahari mahali pake?" Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimesikia sauti ya Tanguy sikioni, karibu kabisa, ikisema, "Shemeji, inuka."

Ladha haikurudi kwa zaidi ya miaka mitatu.

Hebu fikiria adhabu hiyo. Nchi yenyewe ni ile ambamo watu wanaweza kununiana tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu ya jibini, na mimi nazunguka ndani yake bila ulimi. Majira ya baridi ya kwanza nilichuma zeituni upande wa Nyons. Mkesha wa Krismasi tajiri wangu aliandika meza ya ukoo mzima, na kama ilivyo desturi yao akaweka sahani moja ya ziada, ya maskini atakayebisha hodi. Mwaka ule maskini nilikuwa mimi. Walinipa tini kavu, lozi, halua nyeupe na nyeusi, aina kumi na tatu za vitamu, na mkate wa mafuta ya zeituni ambao nilijitia adabu nikaukata kwa kisu. Chumba kizima kikashika mdomo. Mkate ule humegwa kwa mkono, kuukata ni kujiitia nuksi ya mwaka. Nyanya yao, Bibi Eysseric, kizee kilichobaki mifupa na macho, akanitazama muda mrefu.

"Mwacheni," alisema. "Nuksi itamfanya nini huyu? Hamumwoni? Huyu hali. Anatafuna tu."

Kesho yake nikafunga mzigo wangu.

Nilichuma zabibu Burgundy misimu miwili. Mchana wavunaji tulikaa kwenye meza ndefu kati ya mizabibu, na ng'ombe aliyechemshwa kwenye mvinyo mwekundu tangu jana yake aliletwa huku watu wakipiga makofi. Wenzangu walikula wamefumba macho. Mimi niliwatazama wao. Usiku nilipolala niliota ndoto ileile niliyoota kila mahali: natembea kwenye njia ya kokoto inayopanda nyumbani kwangu, viatu vinalia, nafika mlangoni, nasimama, naamka. Sikuwahi kuota nimeingia ndani. Nilipoamka miguu iliniuma kama mtu aliyetoka safari.

Mwisho nikaangukia Aubrac, nyanda za juu ambako hakuna mti wala mtu, ni ng'ombe na upepo. Nilikuwa nikimsaidia mtengeneza jibini mmoja aitwaye Bastide kwenye kibanda chake cha mawe. Jioni alisonga viazi na jibini changa kwa mwiko wa mbao, akisonga na kutukana, mpaka ukiinua mwiko chakula kilivutika kufika usawa wa kichwa bila kukatika. Alikuwa hasemi sana, ila alikuwa na macho.

"Wewe Mbretoni, unakula kama mtu anayejaza gunia."

"Sina ladha."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokufa."

Nilitaka iwe mzaha. Bastide hakucheka. Aliweka mwiko chini, akajipangusa mikono.

"Basi kuna mahali wanakuwekea sahani," alisema. "Ladha yako iko huko. Nenda ukaifuate, hapa unaniharibia viazi."

Sikulala siku ile. Nilikuwa nimesahau, au nilijitia kusahau. Kwetu, jioni ya Watakatifu Wote, kuamkia Siku ya Marehemu, watu hula mapema, halafu humtandikia marehemu meza: chapati za maji za ngano nyeusi, siagi, mtindi, na pombe ya tufaha. Moto huachwa ukiwaka. Wenye nyumba huingia katika vitanda vyetu, makabati ya mbao yenye milango, na kujifungia humo, hawachungulii wala hawasemi, ili wafu waje wajipashe joto na kula kwa nafasi. Mara tatu Barba alikuwa ameniwekea chakula nikiwa hai. Nilihesabu siku. Ng'ombe waliposhushwa mabondeni katikati ya Oktoba, nami nikashuka nao. Nilikuwa na nia moja tu: nikaketi mbele ya sahani yangu na kusema, "Barba, nimerudi. Nipige, nitukane, nihesabie roho ya kaka yako, lakini uniache nikae." Sikutaka kingine duniani.

Wavuvi wa kamba wa Camaret walinishusha kwenye ghuba ndogo ya kusini mwa kisiwa, Novemba mosi, giza likianza kuingia. Ukungu ulikuwa umekaa. Nilinusa moshi wa mabonge ya udongo wenye majani, yale tunayoyawasha na kufukia chungu cha nyama ya kondoo, na pua yangu, iliyokuwa mfu kama ulimi, ikashtuka. Nikapanda njia. Mbele yangu akatokea mzee na fimbo. Alikuwa Ambroise Ticos, baba yangu wa ubatizo, yeye mwenyewe aliyegonga kioo cha Barba.

Nikasimama. Akasimama. Tulikuwa tumekaribiana kiasi cha kupeana mkono. Nilifungua mdomo niseme, "Baba, ni mimi," na yeye akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba, akateremka nje ya njia mpaka kwenye majani yaliyolowa, akainamisha uso kunipisha.

"Pita, mwanangu," alisema kwa upole. "Wanakungoja."

Ningeweza kumshika bega. Ningeweza hata kupiga chafya. Nikapita, na miguu yangu ikajua kila kokoto.

Mlango haukuwa umetiwa komeo, jioni ile hakuna nyumba inayofunga. Ndani moto uliwaka peke yake. Samani zilikuwa palepale, zile za mbao za meli zilizovunjika, ambazo Barba alizipaka buluu. Kitanda chetu cha kabati kilikuwa kimefungwa mlango wake wa kusukuma. Na mezani, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na chapati zilizokunjwa, siagi, kikombe cha pombe ya tufaha, na bakuli moja la mtindi.

Nilipaswa kuita jina lake pale pale. Nikasema nionje kwanza, kidogo tu. Ndivyo nilivyoumbwa, na mnajua supu ilinifikisha wapi. Nikaketi, benchi likalia. Nikapaka siagi kwenye chapati, nikatia mdomoni.

Chumvi. Chumvi ya siagi ya kwetu, na uchungu kidogo wa ngano iliyoungua pembeni. Nilikula machozi yananidondoka ndevuni. Nikachukua ya pili, ya tatu.

"Goulven."

Nikaacha kutafuna. Sauti ilitoka nyuma ya mbao za kitanda, ya chini, haikuwa na hofu bali uchovu.

"Usijibu, najua hamjibu. Na najua mimi sitakiwi kusema, lakini nimechoka kunyamaza. Kula tu. Nimekuwekea mtindi wa juu, si ule wa chini uliokuwa ukiununia. Usije ukasema nimekunyima."

Nilikaa na chapati shavuni kama mtoto aliyefumwa.

"Miaka mitatu na kitu nakuvumilia," alisema Barba. "Kila usiku nasikia viatu vyako kwenye kokoto. Unapanda mpaka mlangoni, unasimama, huingii. Padri anasema ni upepo. Mimi hatua za mume wangu nazijua, sihitaji padri. Tanguy hajawahi kuja hata mara moja. Tanguy ametulia. Wewe tu. Unataka nini, baba wewe? Misa nimekuombea. Nguo nyeusi nimevaa mpaka zimechakaa. Nimekukosea wapi?"

Kila usiku aliousema mimi nilikuwa nimelala Nyons, nimelala Burgundy, nimelala kwenye majani makavu ya Bastide. Sijui ni nani aliyekuwa akitembea kwenye kokoto zile. Nimejiuliza tangu siku hiyo na sitaki tena kujiuliza.

"Sasa nisikilize," aliendelea. "Kuna Eugène Berthelé, yule wa mnara wa taa. Usinune, unamjua. Mtu mpole, hata kuimba hajui. Sikumngoja aniambie, nilikwenda nikamposa mwenyewe kama wanawake wote wa hapa, naye amekubali. Lakini nimemwambia asubiri leo ipite. Siwezi kumwingiza mwanamume ndani na mwingine amesimama mlangoni. Ukiniachilia, pindua bakuli lako. Usiponiachilia, liache lilivyo, nami kesho nitamwambia Eugène atafute wa kwake, nitabaki na wewe mpaka nami waje kunichukua. Sitakulaumu. Ila uniambie leo."

Mnaona nilivyobanwa. Nikiita jina lake tu, nimerudi: mume, mwenye nyumba, mwenye kitanda. Nikinyamaza na kuliacha bakuli, bado ni wangu, ingawa mimi ni mzuka. Sikuhitaji kufanya lolote ili nishinde. Nikameza chapati. Nikavuta pumzi niseme "Barba."

"Mama," ikasema sauti nyingine nyuma ya mbao, nyembamba. "Ameshiba?"

"Nyamaza, Naïg."

"Mwambie akishiba asirudi. Mimi namwogopa."

Huyo ni binti yangu. Nilimwacha hajatimiza miaka sita. Siku zote za kuondoka kwangu alikuwa akinifichia viatu, kimoja kwenye ndoo ya maji, kimoja kwa kuku, nami nilisafiri mara nyingi na viatu vilivyolowa.

Nikalishika bakuli kwa mikono miwili na kulipindua. Mtindi ukatambaa juu ya kitambaa cheupe. Bakuli la udongo liligonga mbao za meza na wakasikia.

Nilimsikia Barba akishusha pumzi, pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Asante, mume wangu," alisema. "Asante. Naïg, piga magoti hapo hapo, tumwombee baba yako."

Nilikuwa nimeshasimama. Ningetoka wakati huo, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini akaanza sala ya marehemu, ile ninayoijua tangu kabla sijajua kufunga kamba za viatu, ninayoijibu kila mazishi, kila Novemba, bila kufikiri, kama mtu anavyokwepa pigo.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," alisema Barba.

"Na mwanga wa milele umwangazie," nikajibu.

Kwa sauti. Sauti yangu, nzito, iliyokauka kwa tumbaku.

Moto ulipasuka kidogo. Kisha mlango wa kitanda ukasogea, upana wa kidole, na kwenye ukingo wake nikaona vidole vinne vya Barba, na pete yangu bado iko mahali pake. Uso wake sikuuona, gizani mle. Yeye aliniona. Nilikuwa nimesimama kwenye mwanga wa moto, siagi ndevuni, koti langu lililolowa ukungu likitoa mvuke, na nguo za wafu hazitoi mvuke. Alinitazama kwa muda ambao mtu angeweza kusema Baba Yetu mara mbili. Sikusogea. Nilimwachia anitazame kote, nikingoja, na sitaficha, nilikuwa naomba kwa moyo wote kwamba afungue.

Vidole vikauvuta mlango taratibu, mpaka mbao zikagusana.

"Mama," alinong'ona Naïg. "Ni nani aliyejibu?"

"Baba yako," alisema Barba. Sauti ilimkatika, akaikohoa ikarudi. "Ametuaga. Tumalizie sala."

Halafu akasema, kwa sauti ya kunifikia hata kama ningekuwa nje:

"Apumzike kwa amani."

"Amina," akajibu binti yangu.

Nikachukua kofia yangu, nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu hadi ukajaa vizuri.